Hasi tatu: historia fupi ya alama ya z, kutoka London ya wacheza kamari mpaka Kilifi

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Sababu ni programu moja ndogo niliyoiandika, ikafanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikanitia aibu. Leo nitawasimulia aibu hiyo, halafu nitarudi nyuma karibu miaka 300 kueleza ilikotoka. Wale waliosoma takwimu chuoni na kuisahau siku ya pili baada ya mtihani (mimi ni mmoja wao), karibuni tujifunze upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu aliniomba nisaidie zahanati moja ndogo kando ya barabara ya Malindi kwenda Kilifi. Kazi ilikuwa rahisi: muuguzi anaingiza umri wa mtoto, jinsia na uzani, kompyuta inatoa nambari moja iitwayo alama ya z. Nambari hiyo ndiyo inayoeleza mtoto yuko wapi akilinganishwa na watoto wa umri wake. Sifuri maana yake yuko katikati kabisa. Hasi mbili, yuko chini kiasi cha kutia wasiwasi. Hasi tatu, hali ni mbaya.

Fomula niliikumbuka tangu chuoni: chukua uzani wa mtoto, toa wastani, gawanya kwa mkengeuko sanifu. Mistari kumi ya msimbo, nikamaliza kabla chai haijapoa.

Miezi miwili baadaye simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa pale, mama wa makamo ambaye sote twamwita Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hii kompyuta yako na kitabu changu cha kliniki, niamini kipi?"

Alikuwa amempima mtoto wa kiume wa miezi 12, kilo 6.8. Kompyuta yangu ilisema hasi 2.7. Lakini alipoweka nukta kwa kalamu kwenye mchoro wa kitabu, nukta ilianguka chini ya mstari wa mwisho, ule wa hasi tatu.

"Mimi nimefuata kitabu," akasema. "Mtoto keshakwenda hospitalini na mamake. Lakini kesho zamu itakuwa ya mtu mwingine, na yeye huenda akafuata kompyuta."

Nikapitia msimbo mara tatu. Hesabu ilikuwa sawasawa. Kujumlisha sawa, kugawanya sawa. Basi hasi 2.7 ilitoka wapi? Ilinichukua siku mbili kuelewa, na ili nikueleze vizuri lazima tuanze na wacheza kamari.

Mkimbizi na shilingi

Abraham de Moivre alikuwa Mfaransa Mprotestanti aliyekimbilia London baada ya dini yake kupigwa marufuku kwao mwaka 1685. Hakuwahi kupata kazi ya chuo kikuu. Aliishi kwa kufundisha watu hisabati nyumbani kwao na kuwashauri wacheza kamari waliomfuata kwenye mkahawa wa kahawa. Swali lao lilikuwa moja tu: nikicheza mara nyingi, nitarajie nini?

Chukua shilingi uirushe mara 100. Utarajie kichwa mara ngapi? Mara 50, kila mtu anajua. Lakini ukipata 53, je, shilingi ina hila? Na 60? Na 65? Kuhesabu uwezekano wa kila jibu kwa mkono ni kazi ya kuumiza kichwa. Mwaka 1733 de Moivre alichapisha karatasi fupi kwa Kilatini akionyesha kwamba majibu hayo yote yakichorwa yanakaribia umbo moja: katikati juu, pande zote mbili yanateremka kama kengele. Leo umbo hilo tunaliita mtawanyo wa kawaida.

Uzuri wa kengele hii ni kwamba unahitaji kujua mambo mawili tu. La kwanza ni kati yake iko wapi. La pili ni upana wake, na kipimo cha upana huo ndicho mkengeuko sanifu. Kwa shilingi iliyorushwa mara 100, kati ni 50 na mkengeuko sanifu ni 5. Sasa badala ya kusema "vichwa 60" unaweza kusema "hatua 2 juu ya katikati". Vichwa 65 ni hatua 3. Idadi hiyo ya hatua ndiyo alama ya z. Hakuna siri nyingine.

Na hatua zina maana ile ile popote kengele ilipo. Kama 68 katika kila 100 huangukia ndani ya hatua moja kutoka katikati, kila upande. Kama 95 ndani ya hatua mbili. Kama 99.7 ndani ya hatua tatu. Ukihesabu upande wa chini peke yake, walio chini ya hasi mbili ni 2.3 katika kila 100, na walio chini ya hasi tatu ni mmoja tu, au karibu wawili, katika kila 1,000. Zishike nambari hizi, tutazihitaji tukifika Kilifi.

Sayari iliyopotea na vifua vya wanajeshi

Kengele ilitoka mezani kwa wacheza kamari ikaenda mbinguni. Januari 1, 1801, padri Giuseppe Piazzi huko Palermo aliona kitu kidogo angani, Ceres, akakifuata kwa wiki kadhaa kisha kikapotelea upande wa jua. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, akakokotoa kitatokea wapi, na mwisho wa mwaka huo kikaonekana karibu na pale aliposema. Mwaka 1809 Gauss alieleza mbinu yake katika kitabu, na ndani yake mlikuwa na kengele ile ile. Safari hii ilieleza makosa ya upimaji: ukipima kitu kimoja mara nyingi, makosa madogo huwa mengi na makosa makubwa huwa machache.

Angalia vizuri hapo. Kwa Gauss, katikati ya kengele pana *ukweli* (mahali nyota ilipo hasa), na pembeni pana *makosa*.

Akaja Adolphe Quetelet, mnajimu wa Brussels. Mwaka 1846 alichapisha vipimo vya vifua vya wanajeshi 5,738 wa Scotland. Alipovipanga, kengele ikajitokeza, katikati yake pakiwa karibu inchi 40. Quetelet akashangaa na kuchukua hatua ambayo imetusumbua mpaka leo. Alisema ni kana kwamba maumbile yalikuwa yanalenga mtu mmoja wa wastani, na sisi wengine ni mishale iliyokosea shabaha.

Unaona hatari yake? Kosa la kupima nyota limekuwa kosa la mtu. Francis Galton na Karl Pearson wa Uingereza walichukua kengele hii wakaiingiza kwenye imani yao kwamba watu wanaweza kupangwa kwa ubora wa damu. Pearson ndiye aliyeeneza jina "ya kawaida" na ndiye aliyebuni jina la mkengeuko sanifu miaka ya 1890. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba jina lile lina kasoro: linawafanya watu wadhani kwamba mitawanyo mingine yote si ya kawaida.

Alisema kweli. Programu yangu ilikuwa na kosa hilo hilo. Lakini subiri kwanza.

Asilimia 80 ya kitu gani?

Sasa tuje kwa watoto. Katikati ya karne ya 20 madaktari waliotibu utapiamlo walihitaji njia ya kusema nani yuko hatarini zaidi. Federico Gómez wa Mexico alitumia asilimia: chukua uzani wa mtoto, linganisha na uzani unaotarajiwa kwa umri wake. Huku kwetu Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa Makerere, Kampala, aliandika mwongozo uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966, na kwa miaka mingi wapimaji wa lishe waliutegemea. Humo pia asilimia zilitawala.

Asilimia inaeleweka na kila mtu sokoni. Lakini ina mtego, nao huonekana ukitumia nambari halisi. Chukua mvulana wa miezi 12 katika viwango vya sasa. Uzani wa kati (nusu ya watoto wako juu yake, nusu chini) ni kilo 9.6. Asilimia 80 yake ni kilo 7.7, na hapo ni karibu kabisa na hasi mbili. Mtoto wa kuangaliwa, lakini wapo.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa kimo. Kimo cha kati ni sentimita 75.7. Asilimia 80 yake ni sentimita 60.6. Mtoto huyo wa mwaka mmoja ana kimo cha mtoto wa miezi mitatu hivi! Kwa hatua za kengele yuko chini ya hasi sita. Asilimia ile ile 80, maana mbili zisizokaribiana kabisa, kwa sababu uzani wa watoto hutawanyika sana na kimo hutawanyika kidogo.

Ndiyo maana mwaka 1977 John Waterlow na wenzake, wakiandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani, walipendekeza kuacha asilimia na kuhesabu hatua za mkengeuko sanifu. Alama ya z ikaingia kliniki. Mstari wa hasi mbili ukawa mstari wa utapiamlo, na hasi tatu ukawa wa utapiamlo mkali.

Kengele ya watoto wa nani?

Sasa fikiria kama mwandishi wa programu. Alama ya z ni kitendaji chenye vitu vitatu vinavyoingia: mtoto, kati, na mkengeuko. Mtoto yuko mbele yako kwenye mizani. Hivyo vingine viwili vinatoka wapi?

Kwa karibu miaka 30 vilitoka Marekani. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianza kutumia kimataifa marejeo ya Kimarekani, na sehemu ya watoto wachanga ilitokana na uchunguzi mmoja uliofanyika katika mji wa Yellow Springs, jimbo la Ohio, kati ya 1929 na 1975. Wengi wa watoto wale walikuwa Wazungu wa familia zenye uwezo, na wengi walilishwa maziwa ya chupa.

Tatizo likajitokeza polepole. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hukua kwa mwendo wake: baada ya miezi ya kwanza huongeza uzani taratibu kuliko wa chupa. Basi mtoto mwenye afya, anayenyonya vizuri, akilinganishwa na watoto wa chupa wa Ohio, nukta zake zilionekana zikiteremka. Mama akaambiwa maziwa yake hayatoshi, aongeze uji au maziwa ya kopo. Hapakuwa na hitilafu katika hesabu. Hitilafu ilikuwa kwenye jedwali.

Dawa ilikuwa kuchora kengele mpya. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto takribani 8,500 katika miji sita: Pelotas huko Brazil, Accra, Delhi, Oslo, Davis ya California, na Muscat. (Ndiyo, Muscat ya Oman, ambako Kiswahili bado kinasemwa majumbani. Huenda baadhi ya nukta zilizotengeneza mchoro wa Sista ni za wajukuu wa watu wa mwambao huu, nani ajuaye.) Walichagua watoto walionyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawakuvuta sigara, na ambao hawakukosa chakula wala matibabu.

Matokeo yalitoka Aprili 2006. Jambo kubwa ni kwamba katika miji ile sita watoto walirefuka karibu sawa. Tofauti za kimo zilizotokana na mji ni kama 3 katika kila 100. Sehemu kubwa ilikuwa tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji ule ule. Kwa maneno mengine, mtoto wa Accra akipata anachopata mtoto wa Oslo, wanakua bega kwa bega. Tangu hapo "watoto wetu ni wafupi kwa asili" si jibu la kutosha tena.

Kosa langu, mwishowe

Sasa turudi kwa mtoto wa kilo 6.8.

Mimi nilichukua kati, kilo 9.65, na mkengeuko wa kilo 1.05, nikafanya kama de Moivre na shilingi yake. (6.8 − 9.65) ÷ 1.05 = hasi 2.7. Nilidhani uzani wa watoto ni kengele iliyo sawa pande zote mbili. Sivyo. Mtoto anaweza kunenepa sana kuliko anavyoweza kukonda, kwa sababu kukonda kuna kikomo na kikomo hicho ni kaburi. Tazama jedwali la 2006 kwa mvulana wa miezi 12: kutoka kati kushuka mpaka hasi tatu ni kilo 2.7. Kutoka kati kupanda mpaka chanya tatu ni kilo 3.7. Kengele imevutwa kulia. Hatua za upande wa chini ni fupi kuliko zangu, kwa hiyo mtoto alikuwa ameteremka hatua nyingi kuliko nilivyohesabu.

Mtakwimu wa Uingereza Tim Cole alitatua jambo hili miaka ya 1990 mwanzoni kwa kutumia nambari tatu badala ya mbili: M ambayo ni kati, S ambayo ni mtawanyo, na L inayonyoosha kengele iliyopinda. Fomula ni hii:

z = ((X ÷ M)^L − 1) ÷ (L × S)

Kwa mvulana wa miezi 12: L = 0.0644, M = 9.6479, S = 0.10925. Weka X = 6.8, ujifanyie mwenyewe kwenye kikokotoo. Utapata hasi 3.2. Kitabu cha Sista kilikuwa sahihi.

(Kwa waandishi wa programu wenzangu, mambo mawili. L ikiwa sifuri fomula hii inavunjika, tumia logi ya X ÷ M, gawanya kwa S. Na kwa vipimo vya uzani, ukivuka hasi tatu au chanya tatu, Shirika la Afya Duniani linaagiza uendelee kwa hatua zilizo sawa, ukitumia upana wa hatua ya mwisho kabla ya mstari. Wengi husahau hili la pili. Kwa mtoto huyu jibu halibadiliki, lakini kwa aliyekonda zaidi tofauti inakuwa kubwa.)

Kati ya hasi 2.7 na hasi 3.2 pana nusu hatua tu. Lakini mstari uko katikati yake, na ng'ambo ya mstari kuna gari la kwenda hospitalini.

Mstari ule una maana gani hapa kwetu?

Hapo nikajiuliza: nani alisema hasi tatu? Kwa nini isiwe hasi 2.8? Hesabu haina jibu. Hasi tatu ni nambari nzima iliyo rahisi kukumbuka, basi. Kujua kama mstari unafaa unahitaji kuwafuata watoto uone nani anakufa.

Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa. Kituo cha utafiti cha KEMRI kilianza Kilifi mwaka 1989, kwenye uwanja wa hospitali ya wilaya. Kuanzia Aprili 1999 hadi Julai 2002 James Berkley na wenzake waliangalia watoto 8,190 wa umri wa miezi 12 hadi 59 waliolazwa pale. Watoto 359 walifariki hospitalini. Swali: ni kipimo gani kingewatambua mapema? Walilinganisha alama ya z ya uzani kwa kimo, mstari ukiwa hasi tatu, na utepe wa kawaida unaozungushwa mkononi juu ya kiwiko, mstari ukiwa sentimita 11.5.

Matokeo yao yalitoka mwaka 2005. Alama ya z ilitambua 42 katika kila 100 ya waliofariki. Utepe ulitambua 46. Uwezo wao wa kutowashuku bure waliopona ulikuwa karibu sawa, 92 na 91.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Miaka 270 ya hisabati, Gauss na sayari yake, na utepe usio na betri unafanya kazi sawa na hayo yote! Tena utepe hauhitaji mizani, ubao wa kimo, jedwali, wala kijana wa kompyuta wa kukosea fomula. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja linalotambua vyote viwili: hasi tatu ya uzani kwa kimo, na sentimita 11.5 za mkono. Tambua lakini kwamba hata kipimo bora kilikosa zaidi ya nusu ya waliofariki. Mstari husaidia jicho la muuguzi, haulichukulii nafasi.

Alama ya z ina kazi ya pili, ile ya wacheza kamari: kuuliza kama tofauti fulani ni ya kweli au ni bahati. Kati ya 2009 na 2013 watoto 1,778 waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi walipewa kwa bahati nasibu ama kotrimoksazoli kila siku (wengi twaijua kwa jina la Septrin) ama dawa bandia isiyo na nguvu, ili kuona kama itazuia vifo baada ya kutoka wodini. Matokeo yalichapishwa 2016: waliopewa dawa walifariki 122 kati ya 887, waliopewa bandia 135 kati ya 891.

Kwa macho, dawa imeshinda: vifo 13 pungufu. Lakini uliza swali la shilingi: kama dawa haifanyi kitu kabisa, tofauti kama hii ingetokea kwa bahati mara nyingi kiasi gani? Nilifanya hesabu rahisi kwenye bahasha nikapata z ya 0.84. Haijafika hata hatua moja. Ni kama kurusha shilingi mara 100 ukapata vichwa 54. Watafiti nao walihitimisha kwamba dawa haikupunguza vifo. Sikiliza lakini nambari nyingine iliyomo humo: kama mtoto mmoja katika kila saba alikufa, *baada* ya kuvuka hatari ya mwanzo hospitalini.

Kengele nzima imehama

Nimalizie na nambari moja ambayo haijanitoka kichwani.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 ulikuta kwamba 18 katika kila 100 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani kimo chao kwa umri kiko chini ya hasi mbili. Kaunti ya Kilifi ilikuwa na 37 katika kila 100, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Kumbuka kengele ya watoto wa Muscat na Accra inatarajia 2.3.

Mtu anaweza kuisoma hivi: watoto 37 ni wagonjwa na 63 ni wazima. Lakini kengele haivunjiki vipande namna hiyo. Ili watoto 37 waanguke chini ya hasi mbili, na upana ukiwa kama wa viwango, inabidi kengele *nzima* iteleze kushoto mpaka katikati yake pawe karibu na hasi 1.7. Hayo ni makadirio yangu ya haraka, lakini fikiria maana yake: mtoto wa katikati wa Kilifi, ambaye hakuna anayemwita mgonjwa, ambaye mamake anaambiwa kliniki kwamba yuko sawa, amepungukiwa kama sentimita 5 akifika miaka miwili.

Hapa Pwani tuna namna yetu ya zamani ya kueleza mtoto anayekonda na kuvimba. Wamijikenda walisema ana chirwa: ati baba au mama ametoka nje ya ndoa, na adhabu imemshukia mtoto. Mama wengi wamebeba aibu hiyo, na wengine wamechelewa kwenda hospitalini kwa kuogopa macho ya majirani. Lakini dhambi ya mtu mmoja haiwezi kusogeza kengele nzima. Kinachosogeza kengele nzima ni kile kinachomgusa kila mtu: mvua, bei ya unga, maji, umbali wa zahanati, uchovu wa mama anayeamka alfajiri. Ukiona kengele imehama, usimtafute mwenye makosa.

Kumbe Quetelet alikosea mahali pale pale nilipokosea mimi. Sote wawili tuliangalia umbali wa mtu kutoka katikati, tukasahau kuuliza hiyo katikati ni ya nani, na umbo lake likoje.

Programu nimeirekebisha. Sasa inatumia fomula ya Cole, na nimeongeza sehemu ya kuingiza kipimo cha utepe. Nilipompelekea Sista aliijaribu na watoto watano, akiweka nukta kitabuni kila mara kabla ya kutazama kompyuta. Zote tano zikalingana.

"Vizuri, mwanangu," akasema. Kisha akaendelea kutumia kitabu.

Na yule mtoto? Alikaa hospitalini siku kumi na nane. Anakuja kliniki kila mwezi, na mara ya mwisho alikuwa na kilo 8.4. Tafuteni wenyewe alama yake ya z. Nimewaachia fomula, lakini umri wake sasa ni miezi 15, kwa hiyo L, M na S zangu za juu hazitawafaa. Kalitafuteni jedwali sahihi kwanza. Mwenye jibu aniandikie, na mwenye kuona kosa jingine katika hesabu zangu asinyamaze. Sista hakunyamaza, na nashukuru.

Tutaonana wiki ijayo, inshallah.